Damu ya Upande wa Baba

Wenzangu vijana mliobaki kwenye kitengo, mmeniomba niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu ya utafiti, na mmenisihi niandike mambo ya kutia moyo. Nimejaribu. Nimekaa hapa nyumbani Mountain View asubuhi kadhaa na chai yangu nikiyatafuta hayo ya kutia moyo, na kila nikianza nakuta hasira imenitangulia. Basi mtaipokea hivyo hivyo. Mimi ni muuguzi, si mhubiri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Miaka ile ya elfu mbili, watafiti wa ng'ambo wakishirikiana na madaktari wetu walitaka kujua kwa nini watu fulani, wengi wao wasichana, huacha kula mpaka wakakaribia kaburi, au hula na kujitapisha kwa siri, ilhali ndugu zao waliolelewa nyumba hiyo hiyo na kupakuliwa sufuria hiyo hiyo hawana shida. Walishuku kuna kitu kinachorithiwa. Kwa hiyo walihitaji damu ya mgonjwa, damu ya mama yake na damu ya baba yake, ili walinganishe mgonjwa amechukua nini kwa nani. Watu watatu. Ukipata wawili umepata nusu ya habari. Hilo la watatu likumbukeni, maana ndilo lililonizeesha.

Siku ya kwanza nilifika kwenye jengo letu la mjini, si mbali na bustani ya Jivanjee, nikaambiwa kliniki iko orofa ya nne na lifti imeharibika. Nikauliza tangu lini. Mlinzi akacheka. Yaani watu waliosoma hadi wakachoka waliketi wakaamua kwamba wagonjwa wenye moyo dhaifu kwa kukosa chakula wapande ngazi hadi orofa ya nne. Na chini kabisa, kando ya mlango, palikuwa na duka la chipsi na kuku, harufu ya mafuta inapanda nawe mpaka juu. Nilipolalamika nilijibiwa kwamba kodi ya pale ilikuwa nafuu. Nikafunga mdomo, nikaweka kiti kila orofa.

Aliyenifundisha kazi ni Daktari Mwikali, daktari wa magonjwa ya akili, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini inayokufanya unyamaze ili umsikie. Nilikuwa nimetoka wodi ya watoto na nilidhani najua kuuliza maswali. Aliniacha nihoji familia moja nzima, kisha akaniita kando.

"Sista Truphena, umewauliza msichana amekula nini. Wamekudanganya wote, hata yule mdogo."

"Sasa niulize nini, Daktari?"

"Uliza nani alikuwa mezani, na nani aliondoka kwanza. Hiyo watu husahau kudanganya."

Sijawahi kupata ushauri bora kuliko huo, na niliupata bila semina na bila cheti.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Chupa ndogo za damu zenye kifuniko cha zambarau, ambazo hupinduliwa polepole, hazitikiswi kama dawa ya kikohozi. Nimesema hili kwa kila mwanafunzi na kila mwanafunzi ametikisa. Friza iliyotegemea umeme wa Nairobi, na kwa hiyo ilitegemea maombi. Na mizani. Mizani ndiyo iliyonifunza kuwa mgonjwa wa namna hii si mjinga. Walikuja wamekunywa maji hadi tumbo limekuwa ngoma, au wameshona sarafu kwenye pindo la sketi. Nikajifunza kuwapima wakiwa na gauni la hospitali, baada ya kwenda msalani, wakiipa mizani mgongo. Ukimwonyesha namba, umempa kitu cha kupigana nacho wiki nzima.

Halafu kulikuwa na hojaji, iliyotungwa mbali na kutafsiriwa na mtu ambaye nina hakika hakuwahi kumsemesha binadamu. Swali mojawapo lilikuwa, "Je, ukijitazama kwenye kioo unajiona mnene?" Msichana mmoja wa Kangemi, mwembamba kama ufito, alinitazama kwa huruma. "Sista, kioo yetu ni ile ndogo ya baba ya kunyoa. Inaonyesha tu kidevu." Kwenye hojaji ilibidi niandike "hapana", na kwa hesabu za ng'ambo msichana huyo akaonekana afadhali.

Lakini hojaji ilikuwa jambo dogo. Tatizo lilikuwa sisi. Hapa kwetu mtu asiyekula ana taifodi. Akitibiwa taifodi asipone, ana vidonda vya tumbo. Vikitibiwa, ana amiba. Nimepokea wasichana waliokuja na mfuko wa dawa za magonjwa yote hayo, na hakuna mtu hata mmoja njiani aliyekuwa amewauliza kama wanaogopa chakula. Mama mmoja wa Spring Valley, kwa matajiri, aliniambia binti yake ana mzio wa kila kitu isipokuwa matango. Mwingine, wa Kangemi, alisema ugonjwa huu ni wa hao hao wa Spring Valley, wake amefunga tu kwa maombi. Kila mtaa ulikuwa na hakika ugonjwa unakaa mtaa wa pili. Na ikitokea umewashawishi kwamba kuna ugonjwa na huenda ukawa na kitu cha kurithi, ndipo vita vinapoanza rasmi, maana swali linakuwa moja tu: umetoka upande wa nani?

Ndivyo nilivyokutana na Wambui wa Kinoo.

Alikuwa na miaka kumi na sita, amerudishwa nyumbani na shule ya bweni baada ya kuzirai gwarideni. Alikuwa wa kwanza darasani, alikunja sweta lake kwa pembe kali kama kitabu, na alisema "nimeshiba" kwa upole ambao ungekufanya uombe msamaha kwa kumsumbua. Mikono yake ilikuwa imeota vinyweleo laini kama vya mtoto mchanga. Hiyo ni alama, wenzangu, itafuteni: mwili uliokosa mafuta hujaribu kujifunika wenyewe. Moyo wake ulikuwa unapiga polepole kuliko wa mtu aliyelala. Daktari Mwikali aliusikiliza kwa muda mrefu, kisha akawaambia wazazi bila kuzunguka kwamba binti asipoanza kula, moyo huo utasimama.

Mama Wambui alilia. Nikamwambia kwa ukali kidogo, maana nilikuwa nimechoka, kwamba nyumbani ni lazima aketi naye na asimruhusu kuondoka mezani. Akanitazama kana kwamba nimemtuma akaibe sadaka.

"Sista, wewe si Mkikuyu, hauwezi jua. Huyu amepewa jina ya mama mkwe wangu. Huyu *ni* mama mkwe wangu. Sasa nimwambie aje, ati fungua mdomo?"

Nilijua desturi hiyo, nimeishi na Wakikuyu miaka mingi. Binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na hilo si jina la kuitia tu. Baba humwita binti huyo *maitu*, yaani mama. Mama humpa heshima ya mkwe. Sisi Waluhya pia tuna yetu, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza tunatafuta ni marehemu gani anataka mtoto apewe jina lake. Kwa hiyo sikucheka. Lakini nilitaka kupiga ukuta. Hapa pana mtoto anakufa kwa njaa mbele ya sahani, na nyumba nzima haina mtu mwenye mamlaka ya kumwambia kula, kwa sababu kwa cheo yeye ndiye mkubwa wao wote.

Baba Wambui, mwenye nyumba za kupangisha pale Kinoo, mtu mkarimu na mkaidi kwa kiwango sawa, alisimama tulipofika kwenye damu.

"Chukua ya binti. Chukua ya mama yake. Ya kwetu iko sawa."

"Baba Wambui, tunahitaji ya wote watatu."

"Ili mseme nini? Mseme hii kitu imetoka kwa mathe wangu? Mathe amelea watoto nane, hajalala hospitali hata siku moja. Angalieni huko kwa kina mama yake, kuna mjomba hajulikani huko alipotelea."

Mama Wambui akaacha kulia papo hapo. "Mjomba gani? Sema jina!"

Wakaanza. Wambui alikaa katikati yao, mikono mapajani, akiwatazama kwa zamu kama mtu anayesubiri mvua iishe.

Nilieleza. Mungu ni shahidi, nilieleza mpaka sauti ikakauka. Kwamba hakuna damu mbaya. Kwamba watafiti wenyewe walianza wakitafuta jeni moja ya kulaumu na sasa walikuwa wakiona ni vitu vidogo vidogo vingi, kutoka pande zote mbili, kila kimoja kikisukuma kidogo tu, na vingine havihusu chakula hata kidogo bali wasiwasi, na ile tabia ya kutaka kila jambo liwe kamilifu. Kwamba kurithi si kuhukumiwa. Baba Wambui alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, akasema, "Nimekuelewa, Sista. Sasa chukua ya mama yake."

Wale wa ng'ambo nao wakaandika kuuliza sampuli ya baba iko wapi. Nikajibu. Wakauliza tena. Nilimpelekea Daktari Mwikali malalamiko yangu yote kwa mpigo, nikitaraji atanipa njia ya kumshawishi yule mzee. Alinijibu neno ambalo ningependa mlibandike ukutani.

"Damu iache. Tafuta kitanda."

Nikatafuta. Nyinyi mnaolalamikia vitanda siku hizi mngekuwepo wakati huo. Hospitali moja ilisema msichana hana ugonjwa, nyingine ikasema ana ugonjwa wa akili na wao hawana wodi hiyo, ya tatu ikasema aje akiwa amezirai. Mwishowe tukapata kitanda kwenye hospitali ndogo upande wa Westlands, kwa sababu muuguzi mkuu wa pale alikuwa mtoto wa shangazi yangu. Ndivyo sayansi inavyosonga mbele nchini.

Siku iliyofuata, nikiwa kliniki, akaingia bibi mmoja mrefu, amejifunga kitambaa cha kanisa, hatweti hata kidogo baada ya zile ngazi. Akaketi bila kukaribishwa, akakunja mkono wa sweta.

"Mimi ndiye Wambui," akasema. "Nani anaogopa damu yangu?"

Nikajua ndiye shosho mwenyewe, yule bibi aliyempa mtoto jina. Mwanawe alikuwa amemficha maneno yote, lakini ukuta wa mabati husikia. Nikamweleza kwamba damu ya bibi haiwezi kushika nafasi ya damu ya baba kwenye utafiti huu. Akasema hajanipandia ngazi kusikia habari ya nafasi. Nikachukua mpira wa kufunga mkono. Ule wa watu wazima ulizunguka ukabaki mwingi, nikalazimika kuchukua wa watoto. Na nilipomshika mkono nikaviona, chini ya mikunjo ya uzee: vinyweleo laini, vyeupe, tele.

Nilitoa damu, nikapindua chupa polepole, nikamletea chai na mandazi kama tunavyompa kila mtu. Aliyavunja mandazi vipande vidogo sana, akavipanga ukingoni mwa sahani, akavihamisha, akanisifu kwa mapishi ambayo hayakuwa yangu. Kisha akavifunga kwenye leso.

"Nitampelekea mtoto," akasema.

"Na wewe, Shosho?"

"Mimi nimekula nyumbani. Mimi si mtu wa kula sana. Kanisani wanajua, Wambui mkubwa anaweza kufunga siku mingi na bado alime."

Baba Wambui alikuja siku chache baadaye kunyoosha mkono wake, kwa aibu ya kutanguliwa na mamake. Kwa hiyo sampuli tatu zilipatikana, na ya nne isiyohesabiwa, zikasafiri kwenye barafu kavu. Matokeo yalipokuja, baadaye sana, yalikuwa ya maelfu ya watu waliochanganywa pamoja, hayakuwa na jina la familia yoyote. Baba Wambui alinipigia. "Sista, wamesema imetoka side gani?" Nikamwambia pande zote. Akasema asante, na nadhani mpaka leo anaamini namficha.

Lakini narudi wodini, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na swali la kweli. Wambui hakuwa anakula. Alikuwa anapangapanga chakula. Mama yake anabembeleza kwa adabu, baba anapiga magoti kando ya kitanda, "Maitu, tafadhali, kijiko moja tu," na msichana anawajibu kwa upole, "Nimeshiba." Daktari wa wodi alikuwa amesema akipungua tena atawekewa mrija wa puani, na Daktari Mwikali aliniambia kando kwamba hana uhakika moyo ule utasubiri mrija. Kila mchana shosho alikuja kutoka Kinoo na mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, kwenye hotpoti, akapakua kwa mkono wake, akaketi wima kando ya kitanda akimtazama mjukuu asivyokula.

Siku moja nilisimama mlangoni nikawatazama wote wanne. Msichana akasema amekula mapema. Nikamgeukia bibi, sijui kwa nini, nikamwuliza kama yeye amekula. Akasema, "Nimekula nyumbani." Sauti ile ile. Hata kichwa walikiinamisha upande mmoja.

Uvumilivu ukaniishia, wenzangu. Nilichukua sahani ya pili, nikapakua mukimo, nikaiweka mapajani mwa yule bibi.

"Shosho, hakuna mtu atakula hapa mpaka wewe ule."

"Sista!" Baba Wambui aliruka. "Unaongelesha mathe wangu hivyo?"

Shosho alimwinulia mwanawe kiganja. Aliitazama sahani. Nimewahi kuona watu wakitazama sindano, kisu cha upasuaji, hata maiti ya mpendwa wao, na sijaona uso ulioogopa namna ile. Mkono uliokuwa umekunja sweta kliniki bila kusita ulishindwa kushika kijiko. Alikishika, akakiweka, akakishika tena. Mama Wambui akafunika mdomo. Ameishi na mwanamke huyo tangu aolewe, amempikia, na nadhani ndiyo siku ya kwanza aliona.

Akala kijiko cha kwanza akiwa amefumba macho. Machozi yalikuwa yanateremka.

"Shosho, wacha," Wambui akasema. "Usikule kama hutaki."

"Sitaki," bibi akasema. "Hata kidogo. Tangu nikiwa msichana sitaki. Wewe unataka?"

"Zii. Sitaki."

"Basi tule hivyo hivyo, bila kutaka."

Walikula polepole mno, wakitazamana, mmoja akimeza ndipo mwingine aanze. Chakula kilipoa. Hakuna aliyethubutu kusema "vizuri" wala "ongeza", na nashukuru, maana neno moja la pongezi lingeharibu yote. Hawakumaliza. Wambui alikula zaidi ya alivyokuwa amekula tangu alazwe, na kesho yake akala tena, bibi akiwa kando na sahani yake. Msidhani alipona hapo. Alilazwa mara mbili nyingine, alinidanganya kwenye mizani, alinitukana kwa Sheng ambayo nilihitaji kutafsiriwa. Lakini mrija haukuwekwa, na moyo haukusimama.

Mchana ule, nilipokuwa nikikusanya sahani, bibi alinifuata kwenye ujia. Alikuwa amejifunga upya kitambaa chake cha kanisa, amekuwa tena yule mama mrefu wa Kinoo.

"Sista, wananisimamisha mbele ya kanisa. Wanaambia vijana, muigeni huyu. Miaka hiyo yote." Akanishika mkono. "Kwani nilikuwa mgonjwa?"

Ningeweza kumpunguzia. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini, na sifa hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo. Nilimwambia ndiyo, Shosho, ulikuwa mgonjwa, na hakuna aliyekuona. Alirudi ndani kuchukua hotpoti yake, akaenda.

Wiki iliyofuata, siku ya kliniki, msichana wetu wa mapokezi alikuwa akigawa namba kama kawaida: wasichana wa shule kwenye benchi, mama zao nyuma wakiwasemea. Nikamsikia akimwuliza mtu, kwa sauti ile ya kuchoka ambayo nimemkataza mara ngapi, "Shosho, umeleta nani?"

"Sijaleta mtu," akajibiwa. "Ni mimi."